Hodi Kwenye Hekalu la Warumi

Tangu nirudi mmekuja mmoja mmoja, na kila aliyekuja nimemkatia kipande chake. Mmoja nimempa habari za ndege, mwingine habari za viatu. Asha akauliza waziwazi, "Idrisa yukoje?" Nikamwambia amenenepa kidogo, kisha nikakimbilia jikoni kuangalia maharage ambayo hata motoni hayakuwepo. Sasa naandika yote mara moja mpate kusomeana, maana nikihadithia kwa mdomo nitaanza kuzunguka chumba kizima, nanyi mtabaki kunitazama miguu.

Jambo lenyewe mnalijua. Idrisa yuko Guangzhou mwaka wa nne huu, anasomea ujenzi wa madaraja kwa udhamini, na posa yake ilikubaliwa kabla hajaondoka. Mwaka huu wazee wake wakaja na shauri jipya: nikahi ifungwe hapahapa Bagamoyo kwa wakala, baba yake mdogo akae mahali pake, halafu mimi nipelekwe China kwa mume. Baba akaniambia nifuatane na Shangazi Tatu, anayekwenda kununua viatu vya duka lake, nikamwone mtu kwa macho yangu. Nikirudi nitaulizwa kama nimeridhia, na baada ya hapo hataki kusikia neno "sikujua".

Bagamoyo hadi Dubai

Barabara yetu bado haijapona zile mvua za Elinino. Gari lilizama kwenye tope kabla hatujaikaribia Bunju, dereva akasema abiria washuke, wanaume wasukume. Mimi nikasukuma pia, kwa sababu kusimama pembeni nikingoja ni adhabu kwangu. Nilifika Kariakoo kwa Shangazi na tope hadi magotini. Shangazi akanitazama juu mpaka chini, akasema kama ndivyo ninavyokwenda kwa mume basi nibebe na jembe.

Wale msiomjua Shangazi Tatu, ni dada yake baba, mjane, mfanyabiashara, mwenye sauti ya kumwamsha mtu mtaa wa pili. Mambo yake yote ni ya Kaole, hapo jirani, alikozaliwa. Kwake yeye kila mahali pana mwenyewe, na mwenyewe huombwa ruhusa. Kisima hukipigia hodi, shamba la mtu hulipigia hodi hata kama mwenyewe yuko Tanga. Hata mlango wa ndege aliupigia hodi, na yule mhudumu akamwitikia kwa tabasamu kana kwamba ndiyo desturi ya shirika lao.

Dubai tuliambiwa ndege ya Hong Kong imechelewa, na hakuna aliyejua kwa nini. Shangazi akatandika khanga sakafuni, akalala. Mimi nikatembea ukumbi ule mpaka wauza manukato wakanizoea. Mama mmoja wa Kisomali akaniomba nimshikie mtoto aende kunawa, akapotea. Mtoto akalala begani kwangu, ndege ikaanza kuitwa, Shangazi akawa anapunga mikono kwa mbali, nami nimesimama na mtoto wa watu, jasho linanitoka. Mama alirudi taratibu na mifuko ya maduka mikono yote miwili, akanishukuru kwa dua ndefu. Nilimrudishia mtoto akiwa katikati ya dua, nikakimbia.

Ndani ya ndege sikulala. Nilikuwa nikijiuliza Idrisa nitamwambia nini cha kwanza. Alipoondoka nilikuwa bado mwanafunzi wa sekondari, na mazungumzo yetu yote tangu hapo yalikuwa ya simu ya posta, ambako nusu ya muda mnasemezana "unanisikia?"

Treni ya Guangzhou

Hong Kong afande mmoja alifungua chupa ya achari ya Shangazi, akanusa, akakohoa mpaka mwenzake akaja kumpiga mgongoni. Wakaifunga wenyewe na kuturudishia kwa mikono miwili.

Kutoka pale tulipanda treni. Niliona mabwawa ya samaki, migomba kama ya kwetu, halafu viwanda, halafu mabwawa tena, na kila mahali winchi zinanyanyua vyuma. Nchi nzima ilikuwa kama imechimbwa leo asubuhi. Mama aliyekaa mbele yetu akatutolea mbegu za alizeti, Shangazi akamtolea tende. Wakaongea njia nzima, kila mmoja kwa lugha yake, wakaelewana kuliko mimi na abiria yeyote.

Idrisa hakuwepo stesheni. Kumbe Shangazi alimwambia kwenye simu tutashukia stesheni kubwa ya zamani, anayoishukia yeye siku zote, na treni yetu ilikuwa inaishia ile mpya ya mashariki. Yeye akatungoja kule, sisi tukamngoja huku. Nilizunguka nguzo moja ya stesheni mpaka polisi akaja kuniangalia kama nimepotelewa na kitu. Mwishowe Shangazi akasimamisha teksi, akamwonyesha dereva kadi ya hoteli.

Xiaobei

Xiaobei ndiko wanakofikia watu wetu wanaofuata mali, ingawa bado si wengi. Hoteli ilikuwa nyembamba, ukumbi wake umejaa marobota yaliyoandikwa Dar es Salaam na Zanzibar kwa rangi nyeusi. Tulimkuta Idrisa amekaa juu ya robota moja. Kutukosa kule kulimfanya aje moja kwa moja hotelini.

Alisimama, akampa Shangazi shikamoo ya kuinama, kisha akaniambia mimi, "Karibu, Rukia. Pole na safari." Basi. Nilikuwa nimebeba maneno mengi tangu Dubai, na yote yakanipotea. Nikamwambia amenenepa. Akacheka sana, na hapo nikamkumbuka vizuri.

Alitupeleka kula kwenye mkahawa wa Waislamu waliotoka kaskazini ya mbali, wanaume wenye kofia nyeupe wanaovuta unga kwa mikono mpaka unakuwa tambi ndefu kama uzi wa kufumia. Shangazi alitoa salamu, mkahawa mzima ukamjibu, akakaa kama amefika kwa mjomba. Tuliletewa tambi kwenye supu ya kondoo, na maji ya kunywa yakaja yanachemka. Nikaomba ya baridi. Mhudumu akasema "meiyou," yaani hakuna, neno ambalo nililisikia baadaye kila nilipouliza chochote. Idrisa akaongea naye kidogo, wakataniana, na soda baridi ikatokea. Nawaambia ukweli, nilijisikia fahari. Nilimtazama akisema ile lugha kama maji, nikajiona nami nimekaa mji ule, nina jiko langu, na mume anayejulikana mkahawani.

Alinieleza pia maisha yenyewe. Mgeni hapa, alisema, akae kimya, asijitokeze, asikusanye watu, na karatasi zake ziwe safi. Nilidhani ni ushauri wa kawaida, kama ule wa kutovuka barabara bila kutazama.

Kisha akasema kuna bustani moja nje ya mji, upande wa mashariki, walikojenga majengo maarufu ya dunia watu watembelee bila kusafiri. Kuna gofu la hekalu la Warumi wa kale. Yeye hulipenda kwa ajili ya nguzo zake, na angependa anionyeshe. Shangazi akakubali, kwa sharti kwamba anakuja na atakaa katikati.

Basi la mashariki

Siku hiyo mvua ilinyesha kidogo, ile ya kukera tu. Walikuwa wamefukua barabara kwa ajili ya reli ya chini ya ardhi, na basi likawa linasogea kama konokono aliyeshiba. Mzee mmoja aliona hina mikononi mwangu, akaishika, akaisugua kwa kidole chake aone kama itatoka. Haikutoka. Akamwita mkewe, mkewe akasugua. Basi zima likataka kujua. Nikawanyooshea mikono yote miwili, Shangazi akafurahi akatoa na yake.

Idrisa alikuwa amekaa mbele kabisa, karibu na dereva, anatazama nje. Nilisema moyoni ana adabu huyu, hataki kubanana na mwanamke asiyekuwa wake bado.

Tulishuka kabla ya kituo chenyewe, tukamalizia kwa miguu kwenye vumbi lililolowa. Shangazi alilalamikia magoti. Mimi nilikuwa nimetangulia mbele yao sana, wakaniita nirudi.

Hekalu

Tulipita piramidi iliyonifika kifuani na kinu cha upepo kisichozunguka. Halafu tukalifikia hekalu, nalo lilikuwa kubwa la kweli. Nguzo nyeupe nene zimesimama kwenye ngazi, nyingine zimekatika katikati, nyingine zimelala vipande vipande kwenye majani. Juu kulikuwa na kona moja tu ya paa, imebaki hewani kama imesahauliwa. Idrisa akaanza kutueleza jinsi Warumi walivyochonga mawe na uzito wa paa ulivyoteremka kwenye nguzo mpaka ardhini. Alieleza vizuri, mikono yake ikichora hewani, na pale nilimpenda, sitaki kuficha.

Lakini mimi ni mtoto wa Kaole, magofu ndiko tulikochezea mdako. Nikaisogelea nguzo moja, nikaigonga. Ikalia kama debe tupu. Ilikuwa plasta juu ya waya, nyufa zimechorwa kwa brashi, na ule ukungu wa kijani ulikuwa rangi ya dukani. Nikacheka mpaka nikakaa kwenye ngazi. Nikamwambia Shangazi kwamba hili limejengwa juzijuzi, Idrisa mwenyewe anasema halina hata miaka mitano.

Shangazi alikuwa ameshavua viatu.

"Mtoto wewe," akasema, "nani anajenga kitu kimeshavunjika?"

Akasimama mbele ya ngazi, akasema, "Hodi, wenyewe. Tumekuja kwa heri." Mnajua kwetu ilivyo. Mwali ambaye ndoa yake iko njiani hapitishwi penye gofu kama anayepitishwa sokoni, lazima wenyewe waarifiwe. Akafungua pochi, akatoa ubani uliofungwa kwenye pembe ya leso, akauweka kwenye kifuniko cha kopo la mafuta, akawasha kiberiti. Moshi ukapanda kati ya nguzo. Akaanza dua, akanitaja mimi kwa jina, akamtaja Idrisa kwa jina na jina la baba yake, akatuombea masikilizano.

Idrisa akasema kwa sauti ya chini, "Zima, Shangazi. Tafadhali zima." Alikuwa anatazama nyuma. Lakini Shangazi alikuwa katikati ya dua, na dua haikatizwi.

Kipenga kikalia. Mlinzi akaja mbio, redio ya mkononi inamkwaruzia kiunoni, nyuma yake wageni wa bustani na kamera zao. Alikuwa anasema haraka, anaonyesha moshi, anaonyesha nguzo, anaonyesha miguu mitupu ya Shangazi. Nikageuka nimwambie Idrisa amweleze. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Alikuwa amesogea. Alisimama kando kwenye kibao cha maelezo, mikono mfukoni, anakisoma kama mtu aliyekuja peke yake. Mlinzi akamwona mweusi mwenzetu, akamuuliza kitu huku akitunyooshea kidole. Idrisa akatutazama, akatikisa kichwa.

Sikuwa na neno la Kichina ila "meiyou", nalo halikunifaa. Nikauonyesha ubani, nikaonyesha mbingu, nikakunjua viganja kama anayeomba. Mlinzi akainama, akanusa, na uso wake ukalegea. Akakutanisha viganja vyake mwenyewe, akainamisha kichwa mara tatu, kisha akatutazama kama anayeuliza: hivi ndivyo? Shangazi akainamisha kichwa vilevile kumjibu.

Basi yule mtu akaigonga nguzo kwa funguo zake tuisikie ilivyo tupu, akafanya kwa mikono ishara ya moto unaolipuka, akatingisha kidole. Akachukua kifuniko cha ubani yeye mwenyewe, akakikinga upepo kwa kofia yake, akatupeleka kwenye sakafu ya saruji kando ya bwawa. Shangazi akamalizia dua yake hapo huku mlinzi amesimama kando, akingoja kwa heshima. Tulimpa tende, akaila, akatia kokwa mfukoni.

Watu walipotawanyika Idrisa akaja. Akasema alikuwa anaangalia kwenye kibao kama moto unaruhusiwa. Shangazi alikuwa anavaa viatu. Akamwambia tu, "Pole, baba."

Kurudi mjini sote watatu tulikaa kiti kimoja kirefu cha nyuma. Sikumbuki barabara.

Zhanxi

Siku ya mwisho tulikwenda Zhanxi, kwenye maduka ya jumla karibu na ile stesheni ya zamani, viatu vimepangwa toka sakafuni hadi darini na mikokoteni inakupita kisiginoni. Idrisa alikuja bila kuitwa. Alibeba marobota mpaka shati likamgandia mgongoni. Mwenye duka, ambaye huko kila mtu humwita laoban, yaani bosi, alisema saizi ndogo hakuna. Idrisa akazungumza naye, na saizi ndogo zikashushwa kutoka juu. Nilimwangalia nikaona kijana mzuri, mchapakazi, asiyemjibu vibaya mtu mzima. Nasema hivi ili Bagamoyo isije ikamfanya jambazi.

Shangazi akaingia ndani kukagua viatu, akatuacha mlangoni mahali anapotuona. Nikamwambia, "Mlinzi alikuuliza kama unatujua."

"Rukia, hujui maisha ya hapa. Mwanafunzi akiandikwa jina kwa habari ya moto, udhamini unakwisha. Miaka yangu yote hii inakwenda na maji."

Nilimwamini. Ninamwamini hata sasa ninapoandika.

"Na kama ningekuwa mkeo?"

Mkokoteni ukapita, mwenyewe anapiga kelele, tukajibana ukutani. Ulipokwisha kupita, Idrisa akajifuta jasho usoni.

"Ningesogea," akasema. "Kisha ningejuta, nikakuombe radhi nyumbani."

Ningalimpata na uongo ningalikasirika, na hasira naijua kuitumia. Lakini alisema kweli, na kweli yake ikaniuma kuliko kule kutikisa kichwa. Nikafikiria mji ule na mimi ndani yake: hospitali, polisi, mwenye nyumba anayegonga mlango. Kinywa changu chote kule kingekuwa yeye. Simlaumu kwa kuogopa, kila mtu ana anachokiogopa. Ila mimi siwezi kuishi nikigeuka kila mara kuangalia kama mume wangu bado yupo.

Alitusindikiza mpaka kwenye treni. Alimpa Shangazi mfuko wa machungwa, Shangazi akamwombea kwa Mungu masomo yake, kwa moyo kabisa. Mimi nilimwambia kwaheri, naye akaniambia, "Kwaheri, Rukia," bila kuuliza kitu.

Nyumbani

Njia ya kurudi haikuwa na vituko, au vilikuwepo nami sikuviona. Ndege haikuchelewa. Nilikaa kitini mwangu toka Hong Kong hadi Dubai bila kusimama hata mara moja, Shangazi akanigusa paji la uso akidhani nina homa. Baadaye, bila kunitazama, akasema yeye alipoolewa hakuna aliyemngoja ajibu.

Nilimweleza baba usiku uleule nilipofika. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba maji. Nilitaka aende kwa wazee wa Idrisa akawaambie. Alikataa.

"Mimi neno langu nimeshawapa wenzangu, siwezi kulimeza," alisema. "La kwako hujalitoa. Utaulizwa, ulitoe mwenyewe."

Leo ni Jumatano. Ijumaa baada ya sala sheikh atakuja mlangoni na mashahidi wake, aniulize kama nimeridhia, nami nitakuwa chumbani na nyinyi. Mnajua kwetu mwali hajibu. Ukinyamaza umekubali, na nje tayari wanasubiri kupakua pilau. Dada zetu wote waliolewa kwa kimya hicho, wengine kwa furaha yao, wengine Mungu ndiye anayejua. Sijapata kumsikia hata mmoja aliyesema neno.

Wazee wa Idrisa ni watu wema, mama yake hunipenda, na baba atatembea mji huu kichwa chini kwa muda. Yote hayo nimeyapima, nayaogopa. Kwa hiyo nawaomba jambo moja. Sheikh akiuliza, msiharakishe vigelegele mkafunika sauti yangu. Nitasema, "Sikuridhia," kwa nguvu ya kufika mlangoni, na mmoja wenu akae karibu anishike mkono.